Sekunde Kumi na Mbili: shajara ya hadithi fupi

Siku ya 1

Rasimu ya kwanza nimeimaliza jana usiku. Maneno 3,860, na si chini ya 600 kati ya hayo ni ya kufyekwa. Sitaigusa kwa siku tatu. Nikiisoma leo nitaipenda, na nikishaipenda sitaikata.

Naandika hapa hadithi ilivyo sasa, maana baada ya mwezi huwa nasahau nilianza na nini. Kuna mji wenye mtambo mmoja mkubwa wa mvuke, na kazi ya mtambo huo ni kubana hewa. Kila dakika inapotimia, pumzi moja ya hewa hutumwa kwenye mabomba yaliyopita chini ya barabara, na kila saa ya ukutani mjini husogea hatua moja. Hakuna saa yenye springi yake. Watu wanalipia dakika kama wanavyolipia maji. Zuhura, mhusika wangu, ni msikilizaji: hushuka mitaroni na fimbo ya chuma, ncha moja akaiweka kwenye bomba na nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akatafuta panapovuja. Nyumba yake iko mwisho kabisa wa bomba, kilomita 4 kutoka mtamboni. Mwishoni yanakuja mafuriko, mtambo unazimika, saa zote zinasimama, ukimya unatanda mjini. Tamati.

Nimeipeleka kwa wasomaji wawili. Mmoja ni mshairi, huyo atasifu. Wa pili ni mzee, fundi bomba mstaafu, ambaye husoma chochote kinachotua mkononi mwake, hata maelezo nyuma ya kopo la rangi. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Siku ya 4

Mzee kapiga simu asubuhi. Nilipomwamkia akaitika, kisha moja kwa moja:

"Binti, nimesoma. Sasa niambie, mvuke uko wapi?"

Nikasema uko mtamboni.

"Mtamboni umeutaja mara moja, ukurasa wa pili. Kutoka hapo ni hewa tupu. Uliniambia hadithi ya mvuke."

Ikabidi nimweleze habari ya stimpanki. Kwamba neno lenyewe lilizuka mwaka 1987, mwandishi K. W. Jeter alipoandika barua kwa jarida la Locus akitafuta jina la hadithi ambazo yeye na wenzake wawili watatu walikuwa wakiziandika, zenye mitambo ya enzi ya malkia Victoria. Wakati huo saibapanki, hadithi za kompyuta na wadukuzi, ndiyo iliyokuwa ikivuma, naye akatania kwa kubadilisha upande mmoja wa neno: akatoa saiba, akaweka stim, yaani mvuke kwa Kiingereza. Utani ukashika.

"Kwa hiyo ni jina la utani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sikudai mvuke tena. Ila hiyo miwani. Kwa nini kila mtu kwenye vitabu vyenu anavaa miwani ya kuchomelea hata akiwa anakunywa chai?"

Sikuwa na jibu. Zuhura alikuwa nayo kwenye ukurasa wa kwanza. Nimeifuta simu ikiwa bado sikioni.

Ndipo akauliza lile swali ambalo kila mwandishi hulikariria jibu: wazo nililitoa wapi? Jibu langu lilikuwa tayari, nimeshalitoa mara nyingi. Paris. Mwaka 1880 Victor Popp alianza kuendesha saa za mji ule kwa hewa iliyobanwa. Mabomba yalipita kwenye mitaro ya majitaka, na kila dakika hewa ilisukumwa hadi kwenye saa za barabarani, za hotelini na za majumbani. Ndani ya saa kuna mvukuto mdogo. Hewa ikifika mvukuto hutuna, ukainua wenzo, wenzo ukasukuma jino moja la gurudumu lenye meno 60. Hewa ikitoka, mvukuto hunywea na kungoja dakika nyingine. Hayo yaliendelea hadi 1927. Katikati yake, Januari 1910, mto Seine ulifurika, maji yakaingia kwenye mtambo wa hewa, na ilipokaribia saa tano saa za mji zikasimama kwa pamoja. Maji yenyewe yalifika kilele siku saba baadaye, tarehe 28, kipimo cha daraja la Austerlitz kikisoma mita 8.62.

Niliyasema yote hayo kwa mbwembwe. Kimya upande wa pili. Kisha mzee akasema, "Hiyo ni habari nzuri. Lakini siyo uliyoiandika."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema atapiga tena, kuna mtu mlangoni.

Siku ya 5

Bado limenikaa kooni. "Siyo uliyoiandika." Siku tatu nilizojiwekea zimepita, nimeisoma rasimu. Paris imo yote: mitaro, mvukuto, mafuriko. Sasa nini siyo?

Nimefyeka maneno 410. Mengi ni ya maelezo ya shaba inayong'aa. Nadhani kila anayeandika aina hii ya hadithi hupitia ugonjwa wa shaba, na dawa yake ni kujiuliza nani anaipiga msasa.

Nimefufua pia faili la zamani, jaribio la kwanza kabisa la hadithi hii, lililokuwa juu ya mashine ya hesabu ya Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza. Lilikufa ukurasa wa tatu, na leo nimeona kwa nini. Nilikuwa nimeiwekea mashine dohani na tanuri. Ile aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1840 ilikuja kuundwa London kwa kufuata michoro yake, sehemu ya hesabu ikakamilika 1991 na ya uchapaji 2002. Ina uzito wa tani 5, na inazungushwa kwa mkono. Mtu anasimama pembeni anazungusha mpini na jasho linamtoka. Jasho lile lingekuwa hadithi, mimi nikalifukia kwa moshi.

Siku ya 9

Nilitaka kuiona kwa macho ile sekunde 12 iliyo kwenye jina la hadithi. Hesabu yake ni rahisi: pumzi ya hewa bombani haikimbii kuliko sauti, nayo sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa kilomita 4 ni karibu sekunde 12. Kwa hiyo saa ya Zuhura ipo nyuma ya saa ya mtamboni kwa sekunde 12 kila siku ya maisha yake, na hakuna fundi awezaye kuirekebisha maana haijaharibika.

Nikaazima mpira wa maji wa mita 30. Ncha moja nikafunga puto, nyingine nikaishika mdomoni, nikapuliza. Mtoto wa jirani akisimama kwenye puto kupiga kelele likitikisika. Alipiga kelele papo hapo, mara zote tisa. Mara ya kumi akapiga kelele kabla sijapuliza, nikajua majaribio yamekwisha.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mita 30! Hapo hewa inachukua hata sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Utaionaje?" Kisha akawa makini, na kanipa kitu ambacho hakimo kwenye hesabu yangu. Kwenye bomba refu, alisema, pumzi haifiki kama ilivyoondoka. Inasuguana na kuta, inavuja kwenye maungio, inajaza kila tawi linaloipita njiani. Mtamboni ni ngumi. Kilomita 4 mbele ni mtu anayeegemea mlango. Kwa hiyo saa ya Zuhura haichelewi tu, inasogea kinyonge: mkono wa dakika unapanda polepole, unasita, ndipo unaangukia jino lake. Na siku pakivuja sana, haupandi kabisa, na dakika ile kwao haipo.

Dakika ambayo haipo! Nimeandika aya nzima juu yake bila kuinua kichwa. Ndiyo aya bora ya hadithi hadi sasa, na imetoka kwa mtu ambaye aliniambia yeye si msanii.

Siku ya 12

Leo tumezungumza ngozi tu.

Mzee aliniuliza nimefungia nini maungio ya mabomba yangu. Nikasema mpira. Akasema katika enzi unayoidai, sehemu nyingi ungekuta ngozi, na ngozi ni mnyama hata akiwa amekufa: ikikauka inakunja uso. Akaniambia nichukue pampu ya baiskeli ya kizamani, nifungue mfuniko wa juu, nivute fimbo. Ninayo. Mwisho wa fimbo kuna kikombe cha ngozi, mdomo wake umeelekea chini. Cha kwangu kilikuwa kigumu kama kucha, kimejikunja upande mmoja, ndiyo maana kwa miaka nimekuwa nikisukuma hewa na kupata mluzi. Nikakilowesha mafuta usiku kucha, nikakinyoosha kwa kidole gumba. Asubuhi pampu ilishika. Ukiziba tundu kwa kidole na kusukuma, hewa inakurudisha nyuma kama kitu chenye nia yake.

Hapo nikamwambia habari ya reli ya Brunel, mhandisi Mwingereza, naye mzee hakuwa ameisikia. Kusini magharibi mwa Uingereza, 1847 hadi 1848, treni za South Devon zilikwenda bila injini mbele. Katikati ya reli palilazwa bomba lenye mpasuko juu, na ndani yake pistoni iliyoungwa na behewa kupitia mpasuko ule. Mitambo ya mvuke iliyojengwa kando ya njia ilifyonza hewa iliyokuwa mbele ya pistoni, na hewa ya kawaida nyuma yake ikaisukuma. Shida ilikuwa kuziba mpasuko baada ya treni kupita. Waliuziba kwa ulimi mrefu wa ngozi uliopakwa mafuta, na ule ulimi ukawa unakauka, unakakamaa kwa baridi, unachanika. Mwaka haukutimia wakaachana nayo.

"Kilomita ngapi za ngozi?" akauliza.

"Kama 32."

Akanyamaza kidogo. "Masikini. Mimi kikombe kimoja kilinishinda kwa wiki nzima."

Kuna masimulizi kwamba panya ndio waliokula ile ngozi kwa kufuata mafuta. Ni masimulizi matamu na wengi hawayaamini. Sitaki kuyasema kama kweli, wala sitaki kuyaacha. Nimempa yule mlinzi mlevi wa ukurasa wa 6, ambaye hadi hapo kishasema uongo mara mbili. Sasa ni mara tatu, na msomaji atajua la kufanya nalo.

Maneno: 3,720. Kwenye kurasa mbili za katikati, mpira umeondoka na ngozi imeingia.

Siku ya 14

Sikuandika. Mshairi alijibu: "Nimeipenda sana."

Siku ya 17

Leo kanibana.

Nilikuwa nimemsomea mwisho kwa simu, ule wa ukimya kutanda. Nimeufanyia kazi kuliko sehemu nyingine yoyote: saa 4,000 zimesimama, maji meusi mitaroni, Zuhura ameshika fimbo yake na hakuna cha kusikiliza. Nikamaliza, nikangoja.

"Baada ya hapo?" akasema.

"Hapo ndipo mwisho, mzee."

"Binti, mimi nimekata maji ya watu miaka mingi, kwa kazi. Maji yakikatika watu hawakai kusikiliza ukimya. Wanatafuta ndoo. Sasa kwenye mji wako, saa zikishakatika, ndoo iko wapi? Nani anawapelekea?"

Nikaanza kumjibu kuhusu taswira na hisia, nikajisikia mwenyewe nikiongea, nikanyamaza. Ni kweli. Kuna mji mzima unaoishi kwa kengele za kazi na za shule. Usiku wa kwanza wanaweza kushangaa. Asubuhi wanataka kujua ni saa ngapi.

Halafu, nikiwa bado na simu mkononi, nikamkumbuka Ruth Belville.

Nikamsimulia. Kuanzia 1836 kulikuwa na familia London iliyouza saa, na sisemi vyombo vya saa, nasema wakati wenyewe. John Henry Belville alifanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich. Alichukua saa ya mfukoni iliyoundwa na John Arnold, akailinganisha na saa ya kituo, akazunguka nayo kwa mafundi saa na wafanyabiashara waliolipa ili waitazame. Alipofariki, 1856, mjane wake Maria akaendelea. Mwaka 1892 akapokea binti yao, Ruth, naye akaendelea hadi 1940. Katika miaka hiyo telegrafu ikaja, redio ikaja, bado kulikuwa na watu waliotaka saa iliyoletwa na mama mmoja ndani ya mkoba. Saa yenyewe waliiita Arnold, kama jamaa wa nyumbani. Kasha lake lilikuwa la dhahabu, wakalibadilisha kwa la fedha kwa kuhofia wezi.

Mzee: "Huyu ndiye uliyemwandika."

"Lakini hayumo, mzee. Hayumo hata mstari mmoja."

"Yumo. Mwanamke anayetembea peke yake mji mzima na chombo kimoja cha chuma, anayejua wakati kwa kuugusa. Umemwandika toka ukurasa wa kwanza, ila umemkabidhi fimbo ya bomba. Ndiyo maana nilikuambia siku ile, Paris siyo uliyoiandika."

Nikabisha. Nilibisha kwa dakika kumi nzima. Kisha nikaenda kuchukua daftari langu la zamani, lile la kuokotea mambo, nikafungua kwenye kurasa za Paris. Tarehe ipo pembeni. Nikarudisha nyuma kurasa mbili. Hapo nimeandika kwa penseli, siku 11 kabla: "Mwanamke anauza saa kwa miguu. Anachoka? Viatu vyake?" Nikasoma hivyo viatu nikacheka. Zuhura ana aya mbili kuhusu viatu vyake, na siku zote nilidhani zilikuja zenyewe.

Kwa hiyo lile jibu langu zuri la Paris, nililowaambia watu kwa uhakika kabisa, lilikuwa la pili kuingia daftarini. Nilipenda kulisimulia kwa sababu lina tarehe, lina mto, lina saa zinazosimama kwa pamoja. Viatu ni vigumu kuvisimulia.

Siku ya 21

Mwisho umevunjwa wote. Kurasa tatu mpya.

Tatizo la kwanza: nimesema mjini hakuna saa yenye springi. Zuhura atabeba nini? Siku mbili nimekwama. Kisha nikaona kwamba lazima iwepo moja, maana kuna kitu kinachouambia mtambo kwamba dakika imetimia. Mtamboni kuna saa mama, yenye mashine yake kamili, inayofungua vali. Nzito mno kuibeba, lakini msimamizi hawezi kukosa saa ya mfukoni ya kuikagulia. Hiyo ndiyo anayoichukua. Nimeifunga kwenye kitambaa cha kufutia mafuta; kasha la fedha nimeliacha kwa wenyewe kina Belville.

Tatizo la pili limegeuka zawadi. Zuhura anatembea kutoka mtamboni hadi mtaani kwao, kilomita 4, zaidi ya saa nzima kwa sababu ya maji. Anafika, anafungua kitambaa, majirani wanasogea. Na saa ile haijachelewa hata kidogo! Ilitembea huku ikihesabu. Bomba lilichukua sekunde 12 na kila siku lilifika limechelewa, miguu imechukua saa nzima na wakati umefika ule ule wa mtamboni. Watu wa mwisho wa bomba kwa mara ya kwanza wana dakika moja na watu wa mwanzo. Sikuipanga hiyo. Ilikuwa imelala kwenye hesabu ya siku ya 9 ikinisubiri niache kupuliza mpira.

Nilipomsomea mzee hakusema ni nzuri. Alisema, "Soma tena pale anapofungua kitambaa." Nikasoma tena. "Vidole vyake vimelowa?" Vimelowa, ametoka majini. "Basi asiishike saa kabla hajajifuta. Fundi hashiki." Nimeongeza sentensi: anajifuta vidole kwenye nywele, ndiyo sehemu pekee iliyo kavu mwilini mwake.

Siku ya 26

Maneno 4,310. Imezidi rasimu ya kwanza, jambo ambalo sikutegemea baada ya kufyeka kote kule.

Tumegombana juu ya jambo moja. Mzee anashikilia kwamba hakuna msikilizaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kutofautisha uvujaji wa kiungo na uvujaji wa ufa kwa fimbo tu, palipo na bomba la majitaka linalonguruma pembeni. Nimemsikiliza, nimemwamini, nimeuacha mstari ulivyo. Zuhura anatofautisha. Ni ufundi wake pekee usio wa kawaida na nauhitaji ukurasa wa 8. Mzee akasema sawa, lakini nisije nikasema yeye ndiye aliyeniambia.

Jarida linaloitaka hadithi limeomba pia maelezo mafupi ya chimbuko lake, aya moja. Nimeandika Paris, nikafuta. Nimeandika Ruth Belville, nikaona kama najifanya nilijua tangu mwanzo. Sasa aya inasema: nilisoma habari ya mwanamke aliyeuza saa kwa miguu, nikamsahau, nikaandika juu ya mabomba, na msomaji mmoja akamwona ndani ya mabomba. Maneno 60 hivi na halijakaa sawa. Neno "chimbuko" lenyewe linanisumbua, maji hayakutoka sehemu moja.

Jioni ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee, sekunde 20, nyuma yake mtu anagonga sufuria: "Binti, ukurasa wa 9, ile vali uliyoiweka kwenye tawi la shule inafungukia upande wa mtambo. Hewa ikija itaifunga badala ya kuifungua. Watoto hawatapata saa."

Nimefungua ukurasa. Kweli, nimeigeuza. Kesho: vali ya shule, ile aya ya maneno 60, na kumrudishia jirani mpira wake wa maji.